Mycosis fungoides si fangasi, tafadhali

Wiki hii tena. Mama kaja na mfuko wa rambo umejaa tyubu za fangasi, mabaka meupemeupe matakoni na mapajani tangu miaka minne. Karatasi ya rufaa imeandikwa "mycosis", yaani ugonjwa wa fangasi, chini yake flukonazoli, dawa ya fangasi. Nikacheka, kisha nikakasirika.

Jina mycosis fungoides ni kosa la Alibert, daktari wa Paris. Mwaka 1806 alieleza mgonjwa mwenye uvimbe uliofanana na uyoga, na mwaka 1832 akaupa ugonjwa jina hilo. Uyoga ni sura tu. Hii ni limfoma ya seli T, yaani kansa ya aina ya seli nyeupe za damu, iliyoamua kuishi kwenye ngozi.

Picha nyingi za vitabuni ni mabaka mekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwetu, hasa kwa vijana, mara nyingi baka hupauka tu, likadhaniwa mba au vitiligo. Ukoma nao ni wa kufikiria, kwa hiyo pima kama baka lina ganzi.

Sasa linaloniudhi zaidi: "Dokta, kipande cha ngozi kilishapimwa, hakuna kansa." Kilichukuliwa lini? Wapi? Mgonjwa alikuwa anapaka nini? Mama huyu alikuwa na betamethasoni, ambayo ni steroidi, ndani ya hizo tyubu za mchanganyiko, na steroidi hufukuza zile limfosaiti (seli nyeupe za damu) tunazozitafuta. Mwanzoni zenyewe ni chache, zimejipanga chini ya tabaka la juu la ngozi kama watu kwenye foleni, na zinaweza kufanana kabisa na pumu ya ngozi. Jibu la "haioneshi" halisemi kwamba haipo. Nami simlaumu mtaalamu wa patholojia, maana tumempelekea kipande kimoja na maelezo ya maneno mawili. Mimi mwenyewe niliwahi kumhakikishia mtu kuwa ni pumu ya ngozi. Kipande cha tatu kikanisuta.

Tiba ya hatua ya mabaka: steroidi kali ya kupaka (ndiyo, ileile, lakini baada ya kipimo), au tiba ya mwanga wa urujuanimno (UVB) wa nanomita 311. Dripu za kemo mapema haziongezi maisha, kwa hiyo ndugu waache kunisukuma. Mabaka yakifutika sisemi "umepona", kwa sababu hurudi, na nani yatamrudia siwezi kutabiri.

Mama nimemwachisha tyubu zote kwa wiki nne. Akirudi nachukua vipande vitatu: tako, paja, ubavu. Majibu yakija "pumu ya ngozi" na mabaka bado yapo, nitachukua tena.