ATM ya ugenini ikitaka kukukata kwa sarafu ya kwenu, kataa

Wasafiri wengi huamini kwamba ATM ya ugenini ikikupa nafasi ya kukatwa kwa sarafu ya kwenu badala ya sarafu ya huko, hiyo ndiyo njia salama: unaona kabisa kiasi kitakachotoka, roho inatulia. Kumbe kinachotulia ni roho tu, mfuko unavuja.

Ukikubali, kiwango cha kubadilisha fedha kinapangwa upande wa mwenye mashine, faida yake ikiwa ndani. Ukikataa, hesabu hupitia kiwango cha mtandao wa kadi, Visa au Mastercard, ambacho kwa kawaida ni nafuu hata benki yako ikiongeza ada yake. Ila soma skrini vizuri. Mara nyingi kitufe cha kukubali kinang'aa, na cha kukataa kimeandikwa kana kwamba muamala wote utafutwa. Haufutwi, bonyeza, noti zinatoka vilevile.

Mtego huohuo uko kwenye mashine za kulipia kwa kadi madukani na hotelini.

Ada ya mwenye ATM, pale inapotozwa, ni jambo jingine: utailipa vyovyote utakavyochagua. Hivyo afadhali kutoa kiasi cha kutosha mara moja kuliko kudonoadonoa kila siku.