Sarafu zilizopigwa ugenini: maana yake na namna ya kuzitambua

Mwulize mtu yeyote sarafu hii ni ya wapi, atasoma jina la nchi na kukujibu. Mkusanyaji wa sarafu kuukuu hatatosheka na jibu hilo. Atataka kujua ilitumika wapi na ilipigwa wapi, kwa sababu mara nyingi hizo ni nchi mbili tofauti.

Sarafu iliyopigwa ugenini ni sarafu halali ya nchi fulani ambayo chapa yake imegongwa kwenye kiwanda cha nchi nyingine. Aliyeagiza ndiye aliyeipa thamani, ndiye aliyeamua iandikwe nini. Kiwanda kimelipwa ujira tu, kama fundi cherehani: nguo kashona yeye, lakini si yake. Na sababu ya kufanya hivyo ni ya kawaida kabisa. Mashine za kupiga sarafu ni ghali, na nchi inayohitaji sarafu chache kwa mwaka haioni faida ya kuzinunua.

Mfano ulio karibu nasi ni zile senti zenye tundu za Afrika Mashariki, zilizotumika Kenya, Uganda, Tanganyika na, kuanzia 1936, Zanzibar. Bibi yangu alikuwa nazo nyingi, amezitunga kwenye uzi wa katani kama shanga. Senti kumi yeye aliiita peni, na mtoto aliyechezea ule uzi alikiona cha moto. Upande mmoja kuna taji juu ya tundu, na jina la mfalme au malkia wa Uingereza limezunguka. Upande wa pili pembe mbili za ndovu zimelikumbatia tundu, pamoja na mwaka na maneno EAST AFRICA. Sasa chukua kioo cha kukuzia, utafute herufi ndogo ambayo macho ya kawaida huipita. Ukikuta H, sarafu yako imetoka Birmingham, kiwanda cha Heaton. KN ni Kings Norton, pia cha maeneo hayohayo. Ikiwa haina herufi, kwa kawaida imepigwa London. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kazi iligawanywa, ndipo zikaonekana I ya Bombay na SA ya Pretoria. Herufi hiyo huitwa alama ya kiwanda, na kwa mkusanyaji senti kumi mbili za mwaka mmoja zenye alama tofauti ni sarafu mbili, si moja.

Katika senti hizo kuna moja ambayo siwezi kuipita hivihivi. Ni ya 1936, na jina lililoandikwa ni EDWARDVS VIII. Mfalme huyu alirithi kiti Januari mwaka ule, na Desemba akakiacha ili amwoe mwanamke aliyempenda, kabla hata hajavishwa taji. Kule kwao Uingereza, sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa rasmi kwa matumizi ya umma. Lakini senti zetu hazikuhitaji sura, kwa kuwa pale ambapo sura ingekaa pana tundu. Zilihitaji jina tu, na jina likagongwa mapema. Kwa hiyo mkulima wa Dodoma au Machakos alikuwa akilipia chumvi kwa sarafu ya mfalme ambaye Mwingereza wa London hakumwona kwenye chenji yake. Wauzaji wa siku hizi wanaipamba hadithi hii ili wakupandishie bei. Usikubali. Zilipigwa kwa mamilioni, na hadi leo si adimu hata kidogo.

Kabla ya Waingereza, Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo. Rupia na hela za koloni lao, kuanzia 1904, zina A ya Berlin au J ya Hamburg. (Heller yao ndiyo iliyotuachia neno hela.) Vita vya Kwanza vilipofunga njia ya bahari, sarafu hazikuweza tena kuja, wakaamua kuzipiga wenyewe Tabora kwenye karakana ya reli, mwaka 1916. Hizo zina herufi T. Zile za hela 20 zinaonekana wazi kuwa ni kazi ya haraka, ila rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo, wakusanyaji wa dunia nzima wanaigombania. Kwa maana ya dhana yetu, sarafu ya Tabora imetoka nje ya kundi: ilitumika hapa na ikapigwa hapahapa.

Kuna nyingine inayowachanganya wengi. Reale ya Sham, ile sarafu nene ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, ilitumika sana Unguja, Oman na Ethiopia. Hiyo haikuagizwa na Sultani wala na Negus, mfalme wa Ethiopia. Ni sarafu ya Austria iliyopendwa na wafanyabiashara hadi viwanda vya Roma, London, Paris na Bombay navyo vikaja kuipiga, vyote vikiandika mwaka uleule wa 1780. Kuiita sarafu iliyopigwa kwa ajili ya nchi nyingine ni kuinyoosha dhana kupita kiasi, ingawa wapo wanaofanya hivyo na siwakatazi.

Uhuru haukuibadilisha desturi hiyo mara moja. Shilingi ya Tanzania ya 1966, Nyerere upande huu na mkono ulioshika mwenge upande ule, ilipigwa Uingereza.

Ukianza kukusanya, jambo moja tu nakuomba: usisugue. Limau, majivu, dawa ya meno, vyote viache jikoni na bafuni. Ule weusi ni ngozi ya sarafu, na ukiubandua mnunuzi anayejua atajua papo hapo. Osha kwa maji na sabuni laini kama ina udongo, kausha, iweke kwenye karatasi kavu.

Uzi wa bibi nilikuja kuufungua mwenyewe, taratibu, mezani. Za Edward zilikuwa mbili, H na KN. Ya London, isiyo na herufi, bado naitafuta.