Jasusi sio mpelelezi jamani

Juzi tena redioni mtangazaji kasema "wapelelezi wa kampuni" walijipenyeza kwenye kikundi cha wanaharakati, na imeshakuwa mazoea sasa kwa hiyo acha niliseme. Ujasusi wa makampuni dhidi ya wanaharakati ni pale kampuni, mara nyingi kupitia watu wake wa PR, yani wa kuisafishia jina, inapowachunguza kisirisiri wanaoipinga ili ijue wanapanga nini iwawahi. Maana ndo hiyo.

Shida yangu ni neno. Mpelelezi anapeleleza kosa, kuna wizi au kuna maiti, jalada lipo polisi, na alichokipata kinapelekwa mahakamani mtuhumiwa akijibu mbele za watu. Jasusi ni neno la Kiarabu, mzizi wake ni jassa, yani kupapasa kwa mkono kama tabibu anavyotafuta mapigo ya mgonjwa, na ndo mzizi huohuo wa "wala tajassasu" kwenye Suratul Hujurat aya ya 12, msichunguzane. Sasa huyu anakupapasa we umelala, kosa huna, na hutakaa ulione hilo faili lako.

Angalia Greenpeace, wale wanaharakati wa mazingira, kule Washington, Marekani. Mwaka 2010 walienda mahakamani wakidai kwamba kampuni za kemikali za Dow na Sasol, kupitia kampuni za PR za Ketchum na Dezenhall, ziliwatumia watu wa kampuni ya ulinzi ya Beckett Brown kuchakura mapipa yao ya taka zaidi ya mara 120 kati ya 1998 na 2000. Yani mtu mzima anainama kwenye pipa nyuma ya ofisi usiku, anabeba mifuko, anaenda kuchambua karatasi moja moja. Hapo kosa gani linapelelezwa? Na 2014 mahakama ya rufaa ikawagomea Greenpeace, ikasema sheria walizozitegemea hazifai kwa kesi ya namna hiyo. Inauma.

Alafu wengine wanaita ujasusi wa viwandani, nao sio, huo ni kampuni kuibiana siri za biashara. Kwenye madai hayohayo wamo wakazi wa Lake Charles, Louisiana, waliokuwa wanalalamikia sumu ya kiwanda cha jirani, eti wakawekewa mtu ndani ya kikundi chao. Wale walikuwa wanashindana na nani sokoni?

Kwa hiyo ndugu mtangazaji, kipindi chako nakisikiliza kila siku na nakipenda, safari ijayo sema majasusi, na ukimtaja na aliyewalipa ndo vizuri zaidi.