Dawa ya miti shamba haidhuru?

Wengi wetu, Unguja na Pemba, tumelelewa tukiamini dawa ya miti shamba haidhuru: ni majani tu, na mabibi zetu waliitumia. Mabibi waliona mengi, kweli. Lakini tumbo la kuharisha huonekana siku hiyo hiyo. Ini linaloumia polepole halionekani. Tazama mbarika: mafuta yake ni dawa, mbegu yake ikitafunwa ina sumu kali, risini.

Kupima kama dawa ya mti ina sumu, maabara nyingi huanza na viduvi (kamba wadogo sana) vichanga vya maji ya chumvi. Hutiwa dondoo la mti kwa vipimo tofauti, na baada ya saa 24 huhesabiwa vilivyokufa. Huo ni mchujo wa mwanzo tu. Kiduvi si mtu.

Ukiuziwa chupa, uliza: mti gani, sehemu gani, kiasi gani, na mjamzito je?