Baridi, tope na magadi: kuendesha mtambo wa majitaka milimani

Adui mkubwa wa mtambo wa majitaka katika mji mdogo wa milimani ni maji baridi. Chujio la vyuma na mtaro wa kunasa mchanga hufanya kazi ileile popote, kwa hiyo naviruka. Shida iko kwenye tangi la hewa, kwa bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati. Huzaliana polepole hata kwenye joto, na maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, kasi yao hupungua kwa nusu au zaidi. Ukiendelea kuondoa tope, ambamo bakteria hao wanaishi, kama ulivyofanya msimu wa joto, unawamwaga upesi kuliko wanavyozaliana.

Hesabu ya kwanza, basi, ni umri wa tope: kilo za tope kavu zilizomo tangini, gawanya kwa kilo zinazotoka kila siku. Tuseme tangi ni la mita za ujazo 600, lenye miligramu 3,000 za tope kwa lita. Humo mna kilo 1,800. Kwa umri wa siku 10 zitatoka kilo 180 kwa siku. Kwa siku 20, ambazo ni lengo zuri maji yakiwa nyuzi 8 hadi 10, zitoke 90. Maji safi yanayotoka, mita za ujazo 1,000 kwa siku zenye miligramu 10 za chembe kwa lita, tayari yanachukua kilo 10. Zimebaki 80. Ikiwa tope linalorudishwa tangini kutoka bwawa la kutuamisha (ambako tope huzama chini) lina kilo 8 kwa kila mita ya ujazo, pampu ya kuondolea ivute mita za ujazo 10 tu kwa siku. Anza kupunguza wiki 4 hadi 6 kabla ya baridi. Anayesubiri amonia ipande ndipo apunguze, hao bakteria hana tena.

Tope likiongezeka, mzigo unahamia kwenye bwawa la kutuamisha. Jaza silinda ya lita moja kwa maji ya tangi la hewa, subiri dakika 30, soma mililita za tope, zidisha kwa 1,000, gawanya kwa miligramu za tope kwa lita. 80 hadi 120 inaridhisha. Ikipita 150, shuku bakteria wa nyuzinyuzi, ambao huzuia tope kuzama. Povu zito la kahawia likitanda, lichote na kulitoa kabisa mtamboni. Kulirudisha mwanzoni mwa mtambo ni kupanda mbegu upya.

Jambo linalosahauliwa mno ni alkalini, yaani uwezo wa maji kupooza asidi. Maji ya theluji na ya miamba migumu huwa nayo kidogo. Kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia inayogeuzwa hula miligramu 7.14 za alkalini (ikipimwa kama kalsiamu kaboneti). Nitrati ikiondolewa kwenye tangi lisilo na hewa, hurudi 3.57. Kwa amonia ya 30, unatumia 214. Ukiondoa nitrati ya 20, zinarudi 71. Kama maji yaliingia na 150, umebaki na 7, nami singependa kuona chini ya 70. Kufidia pengo hilo kwa mita za ujazo 1,000 kunahitaji takriban kilo 70 za magadi yaliyosafishwa kila siku. Chokaa pia hufaa, ila huziba mabomba.

Kuhusu hewa: kwenye mwinuko wa mita 2,000, kila mita ya ujazo inayovutwa na blowa (mashine ya kupuliza hewa tangini) ina oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko pwani. Blowa iliyochaguliwa kwa jedwali la usawa wa bahari itakuwa ndogo.

Theluji inapoyeyuka, maji baridi hupenya kwenye maungio ya mabomba na chemba zilizopasuka, kisha husukuma tope lote nje. Pima mtiririko chembani kati ya saa 8 na saa 10 usiku: maji meupe mengi saa hizo yametoka ardhini. Wakati wa mafuriko yenyewe, hamishia majitaka yanayoingia sehemu ya mwisho ya tangi la hewa, ili tope lililo mbele libaki salama.

Bakteria wakidhoofika nusunusu, nitriti hujilimbikiza, na miligramu 1 ya nitrojeni yake hula takriban miligramu 5 za klorini inayotiwa kuua vijidudu. Klorini ikianza kupotea bila sababu, pima nitriti kabla ya kuongeza dozi.