Ada huja na Krismasi

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho utakuta jambo linalowachanganya wageni: kanisa moja, shule za msingi mbili. Ile kongwe ni ya serikali. Ile yenye basi la njano na sista getini ndiyo ya parokia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameshafika Kilema na Kibosho mwanzoni mwa miaka ya 1890, na shule zikafuata makanisa. Ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, shule zikataifishwa, kanisa likabaki na uwanja wake. Hizi za sasa tumeanza upya, na kwa kuwa ya jirani haidai ada, yetu inaishi kwa ada tu.

Mimi ni mhasibu wa shule za namna hii. Watu hudhani kazi kubwa ni madarasa. Hapana. Jumuiya zikiitwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, Jumamosi moja mawe na mchanga vimefika, na msingi umechimbwa kabla jua halijawa kali. Vyoo ndivyo havina mfadhili, maana hakuna anayetaka jina lake libandikwe chooni. Na mwongozo hautanii: tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25.

Ugumu wenyewe ni muda. Shule mpya hupanda darasa moja kila mwaka. Unaanza na la kwanza, mwakani wale wanaingia la pili, unapokea wengine. Mpishi, mlinzi, dereva na mwalimu mkuu wanataka mshahara kamili tangu mwezi wa kwanza, huku watoto ni wachache, na mpaka upimaji wa darasa la nne huna hata karatasi moja ya matokeo ya kumwonyesha mzazi.

Halafu pesa yenyewe ina msimu. Desemba, Wachaga wa Dar wanaporudi nyumbani, ndipo ofisi yangu inajaa. Bibi mmoja alikuja tarehe 27 akimvuta kijana wake, mfanyabiashara wa Kariakoo.

"Mwanangu, mkatie risiti ya mjukuu mpaka Juni. Huyu akishavuka Same, simu hapokei."

Kijana akacheka. Nikaandika haraka kabla hajabadili mawazo.

Tatizo ni kwamba mahindi ya makande hushuka bei wakati wa mavuno ya tambarare, katikati ya mwaka, na wakati huo sanduku limekauka. Kwa hiyo Januari natenga fedha ya chakula kwenye akaunti yake na siigusi, hata Baba Paroko akiomba bati.

Mwaka mmoja niliigusa. Tukanunua mahindi Machi, kwa bei ya Machi, magunia machache. Makande yakawa uji mwepesi, na sista wa jikoni, tuliyezoeana kama ndugu, Pasaka ikapita hajanisalimia.