Nyumba iliyosheheni, ua uliofungwa: tunayoyadhani na yalivyo

Kila mtaa, Unguja na Pemba, una nyumba ambayo watu wakiipita hunong'onezana. Dirisha halifunguki, ukumbini hapapitiki, na mwenyewe hakaribishi mtu. Tunayoyasema juu yake mengi si kweli, na humuumiza.

Dhana: Ni uvivu na uchafu.

Kurundika vitu kupita kiasi ni maradhi. Madaktari wa akili wa Marekani waliyatambua kuwa maradhi ya peke yake mwaka 2013, na yamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Dalili mara nyingi huanza ujanani, zikazidi kadiri umri unavyosogea. Mwenye nayo hushindwa kuamua: kila kopo na kila kipande cha kanga ya marehemu mama humkwama mkononi, na kukiachia humtia uchungu wa kweli. Mwenye makasha matatu ya kanga si mgonjwa. Maradhi yapo pale kitanda kinapokuwa hakilaliki na jiko halipikiki.

Dhana: Tumngoje asafiri, tukodi gari, tutupe vyote.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hufanywa na watoto wanaompenda mama yao. Anaporudi akakuta pameshafagiliwa, hupoteza imani na nyumba nzima, na mara nyingi vitu hurudi. Tiba iliyochunguzwa zaidi ni ya mazungumzo na mtaalamu, pamoja na mazoezi ya kuchagua na kuachia kwa mkono wake mwenyewe, kidogo kidogo. Kisichongoja ni usalama: njia ya kutoka kitandani hadi mlangoni iwe wazi, na karibu na jiko pasiwe na karatasi wala nguo. Hayo muombe kwa heshima: "Bi mkubwa, tuanze na hapa mlangoni, wewe useme kipi kikae."

Dhana: Mpandie maua, atapona.

Hakuna mti unaotibu maradhi haya. Mwaka 1984 Roger Ulrich alionesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, wale walioona miti dirishani, waliruhusiwa mapema kuliko walioona ukuta wa matofali. Hao hawakuwa warundikaji, kwa hiyo tusiunyooshe utafiti ule hadi usikofika. Lakini mwanga, hewa na kijani humtuliza mtu, na mtu aliyetulia huamua vizuri zaidi. Basi la kwanza ni dirisha. Likombolewe moja tu, lile linalotazama mti.

Kisha ua wa ndani. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kuuzunguka. Ukipatikana upenuni mwake ubao mmoja wa kuchambulia vitu, mwenyewe atafanya kazi penye hewa bila macho ya wapitanjia. Barazani hapafai, maana aibu itamrudisha ndani. Anayeishi gorofani, kama Michenzani, atumie dirisha lenye mwanga zaidi.

Mimea nayo ichaguliwe. Napendelea asumini na mrehani. Asumini hufunua jioni, ukazitunga au ukazitia kwenye kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia wanachovaa wanawake, na kesho zimenyauka. Hakuna awezaye kuziweka akiba. Mrehani ukikatwa huchipua tena. Naamini mkono uliozoea kuchuma na kuacha hivyo hupata mazoezi, ingawa hayo ni maoni yangu. Pandeni ardhini au kwenye kitalu kilichojengwa. Vyungu na madebe hugeuka mrundo mwingine, na yakituama maji huzaa mbu wa kidingapopo.

Dhana: Nyumba ya mawe hubeba chochote.

Dari za zamani zimelala juu ya boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba ni vyembamba. Magazeti ya miaka juu ya boriti iliyoliwa na mchwa ni hatari kwa walio chini. Kuta za matumbawe na chokaa zinahitaji kupumua. Ukizibandika vitu hadi darini, masika huleta ukungu. Acheni nafasi ya kupita mkono kati ya ukuta na vitu.

Dhana: Hapa kwetu hakuna pa kumpeleka.

Unguja iko hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu. Mwende naye akiwa amekubali, na mumwachie yeye aeleze vitu vyake kwanza.